Macho Yaliyotiwa Pazia

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Mimi nimeyatia pazia miaka kumi na tisa,
hapa Artashat, gereji ya pili baada ya kituo cha gesi,
kwa maji ya sabuni, wembe,
na mashine ya kukaushia nywele niliyomwibia mke wangu.

Naitwa Hovsep. Nilikuwa nauza giza kwa mita.
Vijana walikuja: "Mzee, nitilie nyeusi,
nyeusi ya tako la sufuria."
Hawakuwa na cha kuficha, Mungu anajua:
gunia la viazi, deni la benki, shavu lenye chunusi.
Lakini mtu akipita asionekane
hudhani amekuwa mkubwa.

Na kazi yangu nilijua kuitetea.
Jua la bonde hili, nilisema, linakaanga dashibodi;
mtoto akilala kiti cha nyuma huamka ameiva upande mmoja.
Kioo kikivunjika, karatasi hushika vigae,
havimrukii mtu usoni.
Yote kweli. Ukweli nao huuzika.

Afisa Armenuhi alisimama darajani
na kidude chake cha kupimia mwanga,
akikibana kioo kama daktari abanavyo kidole.
Kumi na nne katika mia.
"Hovsep huyu," alisema, kabla hajauliza.
Faini. Na karatasi ibanduliwe papo hapo,
kwa kucha, kwa funguo, katika baridi ya Januari,
gundi ikibaki kama makamasi.
Kesho yake mwenye gari yuko kwangu:
"Nitilie."
Namtilia.
Faini kwake, mkate kwangu.

Mpaka siku ya Shushan.

Anauza aprikoti kando ya barabara, ndoo tatu na mwavuli.
Ilikuwa saa ile isiyo mchana, isiyo usiku.
Gari lilipunguza mwendo kwenye kivuko, akadhani ameonwa.
Sote huvuka hivyo. Hatuvuki kwa rangi nyeupe ya lami,
tunavuka kwa jicho la dereva,
kwa kichwa kinachotikisika kidogo: pita, mama.
Akatazama kioo, akajiona mwenyewe,
kitambaa chake, ndoo yake,
akajipa ruhusa.
Ndani, dereva alikuwa ameinamia simu.

Nyonga. Miezi minne kitandani.
Aprikoti zilipondwa hadi barabara ikanukia jamu.
Kijana alilia kweli kweli. "Sikumwona."
Na Shushan, hospitalini, akitazama dari:
"Mimi nami sikuona kwamba hanioni."

Sentensi hiyo nimejaribu kuibandua.
Haina ukingo.

Masika akaja Zaruhi na barua ya daktari, mhuri wa zambarau.
Ngozi yake na jua hawaivi chungu kimoja:
glavu mwezi wa nane, malengelenge shingoni.
"Nitilie nyeusi kabisa. Ruhusa ninayo."
Nikanyoosha mkono kwenye roli nyeusi. Mkono ukagoma.
Nikamshushia nyingine, isiyo na rangi, ya bei chungu,
inayozuia miale iunguzayo na kuuacha uso.
"Mbona haionekani?" aliuliza, kama niliyemlaghai.
"Ndiyo kazi yake."

Armenuhi akaipima. Sabini na nane.
Akapima tena.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi.

Wateja wamepungua. Vijana wamehamia kwa jirani,
naye ana wembe mzuri kuliko wangu.
Mke wangu hataki tena mashine yake; inanuka gundi, anasema.

Asubuhi huwa nakunywa kahawa mlangoni.
Zaruhi anapita, glavu nyeupe juu ya usukani.
Shushan yuko kivukoni na mkongojo wake.
Gari linasimama. Uso unaonekana wote,
kichwa kinatikisika: pita.

Shushan hapiti.

Anasubiri, kama kila asubuhi,
mpaka Zaruhi ateremshe kioo
na kuutoa mkono wake nje,
juani.